Juu ya Ngoma ya Beni

Msomaji, ikiwa umepata kusimama Kengeleni jioni ya Jumamosi, pale njia ya kuelekea Mkomani inapoachana na barabara kuu ya kwenda Malindi, yumkini umeliona lori lisilo paa, limejaa vijana wenye matarumbeta, likiwatangulia maarusi. Tarumbeta moja limebonyea shingo. Tromboni imefungwa kitambaa mahali ilipovunjika. Ngoma kubwa imekalia nusu ya lori. Nyuma yake hufuata pikipiki, tuktuku, na watoto ambao hawakualikwa. Sauti hazipatani, na hata hivyo hapana mguu unaotulia. Aliyesomea muziki huziba masikio. Mimi nami nilipofunzwa ualimu nilifunzwa kuyaziba, na nataka nikueleze kwa nini nimeacha.

Mzazi wa shangwe hiyo ni ngoma ya beni. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, aliifuata tangu miaka ya 1890 katika pwani yetu ya Kenya, ikishuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikiingia bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, mpaka Kongo na nchi zilizo kusini yake. Wakati beni inazaliwa, Waingereza walikuwa wametangaza himaya yao mwaka 1895. Vijana wa pwani waliona askari wakipiga gwaride, maafisa wakipigiwa saluti, na bendi za shaba zikipita mbele ya wakubwa. Wakaunda vyama, wakajipa vyeo: huyu mfalme, yule jenerali, mwingine kanali, mwingine daktari. Wakashona sare, wakapanga safu, wakaingia njiani.

Lakini vyama hivyo havikuanza patupu. Desturi ya mitaa kushindana kwa ngoma na mashairi ilikuwa kongwe katika pwani. Lamu nako kuna Mkomani, usiichanganye na Mkomani yetu ya bara ya Mombasa. Nayo hukabiliana na Langoni tangu zamani, na beni ilipofika ikavikwa ugomvi uliokuwapo. Mombasa ilipata Kingi na Skochi: hawa wa kwanza wamejitwalia ufalme, na hawa wa pili wamejiita kwa jina la Waskoti, wale askari wa sketi na zumari za mifuko. Tanganyika ikapata Marini na Arinoti. Wanawake wa Mombasa hawakuachwa nyuma, kwani vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa sare, kwa maandamano na kwa nyimbo za mafumbo makali kiasi cha kutia ndugu uhasama.

Sasa nikurudishe katika chuo changu, ambacho sitakitaja jina. Katika tamasha la mwisho wa mwaka, sisi wanafunzi tulitengeneza beni. Ala za kweli zilikuwa tano tu. Waliobaki walikuwa na madebe, vibuyu vya kupulizia na vipande vya mpira wa kumwagilia maji. Tulikuwa watu sitini na zaidi, kwa kuwa kila aliyeomba kuingia alikubaliwa. Mfalme wetu alivaa taji la boksi. Daktari wetu aliwapima wakufunzi mapigo ya moyo kwa mpira wa baiskeli, akawatikisia kichwa kwa huzuni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hukumu ikatoka: sauti hazilingani, hatua hazilingani, watu wamezidi. Tukawa wa mwisho.

Nilikasirika siku nyingi, kisha nikafikiri. Mhakimu yule alisema kweli tupu kuhusu bendi ya jeshi. Kosa lake lilikuwa kuuliza iwapo tumefanana vya kutosha na kitu ambacho tulikusudia kukikuza mpaka kichekeshe. Katika gwaride la serikali, wachache huteuliwa na wengi husimama kando watazame. Katika beni mtaa mzima huingia safuni, na asiye na ala hupiga makofi. Wingi ule, ambao kwetu ulikatiwa alama, ndio utungo wenyewe. Na ukubwa wa sauti si jambo lililoletwa na meli za Wazungu. Nenda Makumbusho ya Lamu ukaione siwa ya pembe ya Pate, yenye urefu unaozidi mita mbili, iliyokuwa ikipulizwa kwa heshima ya watawala. Kumbe ile baragumu ya shaba ya Mzungu iliwakuta watu wanaojua tangu jadi kwamba anayepuliza pembe kubwa anadai enzi. Tofauti ni kwamba mara hii pembe ilishikwa na mchukuzi wa bandarini.

Hata hivyo nisikudanganye, msomaji, kwa kuipamba beni kuliko ilivyokuwa. Wako wasemao kwamba ilikuwa dhihaka tupu kwa mkoloni. Nadhani wanaitakasa mno. Mpagazi aliyevaa koti la kanali alimcheka kanali, na koti nalo alilipenda. Ngoma ya kalela, jamaa ya beni, ilichunguzwa na Clyde Mitchell huko Luanshya, katika Zambia ya leo, na maandishi yake yakatoka mwaka 1956. Humo yumo daktari mwenye koti jeupe, na muuguzi wa kike anayepita katikati ya wachezaji na kioo na leso, wajitazame na kujifuta jasho. Niambie kama muuguzi huyo ni mzaha. Mimi kila nikimfikiri naona mzaha na tamaa vimekaa katika leso moja, wala siwezi kuvitenga.

Wako pia walioichukia kwa sababu nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, aliwakemea watu wa pwani katika magazeti yake ya Sahifa (1930) na Al-Islah (1932) kwa kuwaiga Wazungu bila kufikiri. Naiheshimu hoja hiyo. Mwiga tembo hupasuka msamba, na wako waliopasuliwa na madeni ya sare na karamu kwa ajili ya kuushinda mtaa wa pili. Matusi ya nyimbo nayo siyatetei. Kumvua jirani nguo kwa wimbo ni kazi rahisi. Lakini kama beni ingekuwa uigaji mtupu, watawala wasingepoteza usingizi kwa ajili yake. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilijishughulisha na chama cha ngoma, mbeni, ikitafuta kujua kimeshiriki vipi katika mgomo ule. Watu waliozoea kujipanga, kuchanga fedha na kutii jenerali wa kujichagulia hawakuwa wakicheza tu.

Unguja beni haijafa. Hupigwa arusini njiani, ikiazima nyimbo za taarabu na kuziendesha mbio mpaka zisahau adabu zake. 

Basi lori likipita tena Kengeleni, usimtazame mpiga tarumbeta, maana yeye hutazamwa na wote. Mtafute yule aliyekaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia nje, hana ala. Ameshika kifuniko cha sufuria na kijiko, anakosea mapigo, na hakuna anayemwambia ashuke.