Kuyachorea Maji Njia

Kuunganisha kompyuta ya mezani siku hizi si kazi ngumu. Prosesa ina soketi yake, kadi ya grafiki ina mahali pake, kila plagi ina umbo linaloikataza kuingia pasipo pake, na mtu mwenye bisibisi na mchana mmoja wa utulivu hufika mwisho bila kufikiri sana, kwa kuwa waliobuni vipande hivyo walishafikiri kwa niaba yake. Anayeamua kuipoza kwa maji, tena kwa mfumo wa kujipangia mwenyewe badala ya ule unaouzwa umeshafungwa kiwandani, anatoka nje ya mpango huo wa wengine. Hakuna kiwanda kilichojua kasha lake lina nafasi kiasi gani juu ya mazabodi, kadi yake ina urefu gani, wala chumba chake kina joto gani mwezi wa Februari. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, na hoja yangu ni kwamba sehemu yake kubwa hufanyika kwenye karatasi, kwa penseli, futi ya kupimia na kikokotoo. Kukata mipira na kukaza fitingi ni kazi ya mikono ambayo mtu makini huishika upesi. Kupanga ndiko kunakostahili sifa, kwa sababu humlazimisha mwenye kompyuta kujua joto linazaliwa wapi, linapita wapi na linatokea wapi kabla hajatoa hata shilingi.

Jambo la kwanza ambalo mpango huo humfundisha mtu ni kwamba maji hayaliui joto, yanalihamisha tu. Kila wati inayoingia kwenye prosesa itaishia chumbani, iwe kwa maji au kwa feni peke yake. Kinachotofautiana ni uwezo wa mchukuzi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzijoto 1 kunataka jouli zipatazo 4,200, ilhali lita moja ya hewa inatosheka na jouli moja na kidogo. Kwa ujazo uleule, basi, maji yanabeba joto mara 3,500 hivi kuliko hewa, na ndiyo maana mpira wenye tundu la milimita 10 tu unaweza kulichota joto katikati ya kasha lililosongamana na kulipeleka kwenye rejeta, ukingoni, ambako feni kubwa zinaweza kuzunguka taratibu. Waliounda kompyuta kubwa waliijua hesabu hii zamani. IBM 3081 iliyotangazwa mwaka 1980 ilipozwa kwa maji, na sakiti za Cray-2 ya mwaka 1985 zilizamishwa katika kimiminika kisichopitisha umeme. Anayechora mfumo wake wa kwanza nyumbani anaifanya hesabu hiyohiyo kwa tarakimu ndogo.

Tuzitazame tarakimu zenyewe. Prosesa ya Core i9-13900K imeruhusiwa na waundaji wake kufika wati 253, na kadi ya RTX 4090, iliyotoka nayo mwaka 2022, imepangiwa wati 450. Ukizijumlisha unapata wati 700 na ushei. Wazoefu wa kazi hii wana kipimo chao cha haraka: kila nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwenye rejeta huondoa wati 100 hivi, maji yakiwa yamezidi joto la chumba kwa nyuzijoto 10 na feni zikizunguka kwa kasi ya wastani. Kwa kipimo hicho, rejeta mbili za feni tatutatu zitaziacha zile wati 700 zikipandisha maji nyuzijoto 12 hivi juu ya hewa ya chumbani, na hilo linavumilika kabisa. Kisha karatasi inauliza swali ambalo orodha ya bei haiulizi: zitakaa wapi? Rejeta nyembamba ina unene wa milimita 30, feni milimita 25, jumla 55. Kama kati ya paa la kasha na ukingo wa mazabodi kuna milimita 50, rejeta ile haitaingia, na hakuna nguvu ya mkono itakayoiingiza. Milimita tano hizo zikionekana kwenye mchoro zinafutwa kwa kifutio. Zikionekana baada ya malipo, ni hasara. Na kabla ya kununua rejeta ya tatu inafaa mpangaji ajiulize kama kweli atazifanyisha prosesa na kadi kazi ya juu kabisa kwa wakati mmoja, maana michezo mingi huielemea kadi na kuiacha prosesa ikipumua, na kompyuta ya kuhariri video ina tabia nyingine.

Hapa pana hesabu moja ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafuta hofu ambayo karibu kila anayeanza huwa nayo. Mtu akitazama mchoro wake humjia wazo kwamba maji yakitoka kwenye prosesa yakiwa moto na kuingia moja kwa moja kwenye kadi, kadi itaungua. Kwa hiyo anataka rejeta iwe katikati, mipira inaanza kuvukana, na kasha linajaa. Sasa akokotoe. Lita moja kwa dakika ikipanda nyuzijoto 1 inabeba wati 70. Pampu ya aina ya D5 huandikwa lita 1,500 kwa saa, lakini ikikutana na upinzani wa bloki zinazokaa juu ya prosesa na kadi, rejeta na kona za mipira, lita 4 kwa dakika ni matarajio ya haki. Lita 4 zinabeba wati 280 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo wati 700 zote huyapandisha maji nyuzijoto 2 na nusu tu katika mzunguko mzima. Kwenye mfumo uliotulia, maji ya mahali popote yanakaribiana joto na ya mahali pengine. Mpangilio wa vipande basi uamuliwe na njia fupi na nyoofu zaidi, na mipira iliyokuwa ivukane inaondoka kwenye mchoro. Utaratibu mmoja tu hauna mjadala: tangi litangulie pampu na likae juu yake, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu inajila.

Kuhusu madini, mpango unatakiwa kuwa mkali. Bloki nyingi za maji ni za shaba, mara nyingi iliyopakwa nikeli, na rejeta nzuri za kompyuta zina mifereji ya shaba. Aluminiamu ni rahisi na nyepesi, na kishawishi ni kikubwa, hasa mahali ambapo duka la vipuri vya magari liko karibu kuliko duka la kompyuta, maana rejeta za magari mengi ya leo ni za aluminiamu. Lakini shaba na aluminiamu zikigusana na maji yaleyale huwa betri, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dawa za kuzuia kutu huchelewesha mchakato huo bila kuufuta. Vipande vinavyomomonyoka havipotei. Vinakwenda kukaa ndani ya bloki. Ukiifungua bloki ya prosesa utaona mapezi ya shaba yaliyochongwa kwa ukaribu wa ajabu, nafasi kati ya moja na jingine ikiwa chini ya nusu milimita. Kupitia nafasi hizo joto lote la prosesa huingia majini, na nafasi hizohizo hugeuka chujio la uchafu wowote uliomo kwenye mfumo. Kwa sababu hiyo rejeta mpya huoshwa kwanza kwa maji ya moto hadi mabaki ya kuchomelea yaishe, na kwa sababu hiyo maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi yake, hayana nafasi humu. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia mwani. Anayeyanunua kwenye duka la betri za magari asome lebo kwa makini, kwa kuwa chupa ya tindikali huweza kukaa rafu hiyohiyo. Rangi zinazong'aa ndani ya mipira hupendeza kwenye picha, ila baadhi yake hutuama na kuziba mapezi yale. Kwa mfumo wa kwanza, maji maangavu yanatosha.

Alama ya mpangaji mzuri, kwa maoni yangu, ni pale anapofikiria kubomoa kabla ya kujenga. Tundu la kujazia liwe juu kuliko vyote, na bomba la kumwagia maji liwe chini kuliko vyote, lenye koki inayofikika bila kung'oa kadi. Michoro mingi ya wanaoanza inaonyesha maji yakiingia kwa ustadi na haionyeshi yatatokaje, ilhali yatatakiwa kutoka kila mwaka mmoja au miwili. Hewa nayo ina njia yake: inapanda na kujificha kwenye pembe ya juu ya rejeta, na matundu ya rejeta yakielekea juu, hewa hiyo hupata pa kutokea. Hayo yote ni mistari miwili mitatu ya penseli.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba kipoza cha hewa chenye minara miwili ya mapezi kinaimudu prosesa ya wati 200 na zaidi, kwa sehemu ndogo ya bei. Ni kweli, na anayetaka kompyuta ifanye kazi tu akinunue hicho na alale usingizi. Faida ya maji katika nyuzijoto za prosesa peke yake ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Inakuwa kubwa kwenye kadi ya grafiki, na kubwa zaidi kwenye sauti, kwa sababu feni za rejeta zinaweza kufuata joto la maji, ambalo hupanda taratibu, badala ya joto la prosesa linalorukaruka kila sekunde. Mpinzani wa pili anaogopa ujirani wa umeme na maji. Hofu yake ni ya haki, na jibu lake limo ndani ya mpango: mfumo hupimwa kwanza kwa kusukumiwa hewa ya nusu ya bari na kutazama kama mshale wa geji unashuka, kisha hujazwa maji na pampu peke yake ikawashwa kwa saa kadhaa, sehemu nyingine zote zikiwa hazina umeme na karatasi za tishu zikiwa zimetandazwa chini ya kila fitingi. Umeme ukikatika pampu na prosesa husimama pamoja, kwa hiyo hakuna hatari hapo. Hatari ni pampu kusimama peke yake, na kwa hilo waya wake wa taarifa huchomekwa pale mazabodi inapotarajia feni ya prosesa, ili ionye mapema.

Pingamizi zito zaidi kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ni la hewa yenyewe. Chumba kina nyuzijoto 32. Maji hayatashuka chini ya hapo, na kwa hesabu ya juu yatafika 44. Je, hayo ni maji ya kupozea? Kompyuta kuu ya SuperMUC, iliyozinduliwa mwaka 2012 huko Garching karibu na Munich, ilipozwa kwa maji ya nyuzijoto 40 hivi, kwa makusudi, ili joto linalotoka lipashe majengo wakati wa baridi. Maji ya 44 yanaipoza vizuri silikoni inayoruhusiwa kukaribia 100. Anayetaka kuyashusha chini ya joto la chumba kwa mtambo wa barafu atakutana na unyevu wa pwani ukigeuka matone juu ya bloki na mipira, na matone hayo yataanguka kwenye mazabodi. Joto la kawaida la chumba ndilo mpaka salama, na mpaka huo huandikwa kwenye mchoro kabla ya kitu kingine chochote. Zile wati 700 bado zitamwagwa chumbani, kwa hiyo dirisha na feni ya dari navyo ni sehemu ya mfumo.

Lipo swali la mwisho, la ule mfumo uliofungwa kiwandani. Ni rahisi, ni salama, na kwa wengi unatosha. Lakini maji hupenya kidogokidogo kupitia kuta za mipira, pampu huchakaa, na mingi ya mifumo hiyo haina pa kuongezea maji wala namna ya kubadilisha pampu, kwa hiyo hutupwa mizima. Uliopangwa kwa mkono unafunguka kila kiungo. Fitingi zake zina hesi ya aina moja ya robo inchi, ringi yake ya mpira iliyokauka hubadilishwa yenyewe, na pampu hutoka bila kuigusa rejeta. Prosesa ya miaka ijayo itakuja na soketi yake. Mwenye mchoro atabadilisha bloki, au hata mabano yake tu, na rejeta zilezile zitaendelea kubeba joto la chombo ambacho hakikuwa kimebuniwa siku mchoro ulipochorwa.