Amri Iliyofungiwa Neno

Kitabu cha nyimbo kinachozunguka kwenye kwaya za huku Iyolwa mmekwisha kukiimba, na wengi mnalo faili lake la LilyPond, programu ya kupanga noti. Noti zimepangwa safi, silabi zimekaa mahali pake. Kilichoharibu kazi ni uamuzi mmoja juu kabisa ya faili: mpangaji alitunga amri ya \kiitikio, kisha akalifungia neno lenyewe ndani yake.

Utazameni mstari ule: kiitikio = \markup \bold \fontsize #2 "Kiitikio". Ukiuita, neno linatoka zito na kubwa. Sawa. Ila likija "Wote", au "Sauti ya tatu", amri hiyo haina pa kulipokelea. Basi akanakili \bold na \fontsize kwa mkono, wimbo baada ya wimbo, na mkono ukachoka. "Wote" ya mwanzoni ina #2, inayofuata ina #1, na kwenye nyimbo za Kwaresima \bold imedondoka kabisa. Mtu wa besi anayetafuta kwa jicho pa kuingilia anapitwa. Kwenye fotokopi hali ni mbaya zaidi, maana maneno yale madogo yamefifia, na kuyarekebisha ni kulipekua faili zima.

Wala dawa haikuwa mbali. define-markup-command ya lugha ya Scheme, iliyomo ndani ya LilyPond, ipo miaka mingi: unataja jina, unasema amri ipokee maandishi, inayarudisha yamevikwa. Anayeogopa mabano ya Scheme amepewa \etc tangu toleo la 2.20 la LilyPond: anaandika mapambo, anaacha nafasi ya maneno mwishoni. Mstari mmoja tu! Ukibadilisha ukubwa pale, kitabu kizima kinafuata.

Narudia la siku zote: jina litaje kazi, si sura. Andika \waimbaji, usiandike \nzitoKubwa. Leslie Lamport aliijenga LaTeX juu ya wazo hilo miaka ya 1980, na LilyPond ilichipuka kwenye jitihada za kurahisisha MusiXTeX, ndugu wa ukoo huohuo. Wazee waliochapa solfa kwenye stensili walikuwa na nidhamu hii bila kompyuta: kiitikio kikipigiwa mstari, kilipigiwa kitabu chote.

Kabla ya toleo la pili la kitabu, mpangaji aifanye \kiitikio ipokee maneno, aongeze \waimbaji, halafu afute kila \bold iliyotawanyika, akianzia nyimbo za Kwaresima.