Kona Nne za Otto

Kabla ya kuandika namba hata moja, mwalimu anaanza kwa kuondoa. Anaondoa vali, moshi, mafuta ya injini na msuguano wa ringi za pistoni. Ndani ya silinda anabakiza hewa tupu, ileile, isiyoingia wala kutoka. Kuungua kwa petroli anakufanya kuwa joto linaloingia kutoka nje. Kutoka kwa moshi, joto linaloondoka. Mgeni angedhani anakwepa kazi. Mimi naona hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: kujua utupe nini, injini isipotee.

Anachora mistari miwili ubaoni, wa mlalo kwa ajili ya ujazo, wa wima kwa ajili ya kanieneo. Kona ya 1 anaiweka chini, upande wa kulia: pistoni iko chini kabisa. Kutoka hapo chaki inapanda kuelekea kushoto bila kuinuliwa, mwanzoni taratibu, mwishoni kwa ukali, kwa kuwa hewa iliyokwisha kubanwa inazidi kuwa ngumu kubana. Hiyo ni kona ya 2. Mstari wa wima unakwenda hadi 3, joto linaingia ujazo ukiwa palepale. Mkunjo mwingine unateremka juu ya ule wa kwanza hadi 4, kisha mstari mfupi wa wima unashuka hadi 1. Ndio mzunguko wa Otto, kwa jina la Nikolaus Otto, Mjerumani ambaye mwaka 1876 aliiwasha injini yake ya mapigo manne.

Sasa hesabu. Uwiano wa mgandamizo ni 8. Hewa inaanza na jotoridi la kelvini 300 na kanieneo ya kilopaskali 100. Anapandisha 8 kwa kipeo cha hewa, 0.4, anapata 2.297, na namba hiyo anaizungushia duara. Anaizidisha kwa 300: kelvini 689 kwenye kona ya 2. Kanieneo inafika 1,838. Anatua hapo kidogo, wanafunzi waone: ujazo umepungua mara nane, lakini kanieneo imepanda zaidi ya mara 18, maana hewa imebanwa na papo hapo imepata moto.

Anaingiza joto la kilojuli 800 kwa kila kilo ya hewa. Anagawanya kwa 0.718, joto mahususi la hewa ujazo usipobadilika; jotoridi linaongezeka kwa 1,114 na kufikia 1,803, kanieneo, 4,810. Kila namba anaipa kipimo chake kabla ya kugusa inayofuata, hata pale ambapo darasa zima limeshajua ni kelvini. Ili kushuka hadi kona ya 4 anairudia ile iliyo ndani ya duara, safari hii anagawanya: 785.

Ipo kanuni fupi ya ufanisi, naye anaijua kwa moyo, ila haigusi kwanza. Anapita njia ndefu. Joto lililotoka ni kilojuli 348, kazi iliyobaki 452. 452 kwa 800 ni asilimia 56.5. Baada ya hapo tu ndipo anatoa 1 gawanya kwa 2.297 kutoka 1. Jibu ni lilelile. Anaweka alama ya vema, ndogo.

“Mwalimu, na zile 800 ziko wapi?” anauliza mwanafunzi wa mbele. Zimejifuta njiani. Ungeingiza 400, kazi ingepungua nusu, ufanisi usingetikisika. Unaoamua ni uwiano wa mgandamizo peke yake. Swali hilo alikuwa analisubiri, na sidhani kanuni fupi ingelizaa.

Injini ya dizeli anaimaliza haraka. Joto linaingia kanieneo ikiwa haibadiliki, kwa hiyo kilele cha mchoro kinalala. Kwa uwiano wa 18, ujazo ukiongezeka maradufu wakati joto linaingia, anapata asilimia 63.2. Otto angefika na 18 hiyohiyo angepata 68.5. Lakini petroli haivumilii: ikibanwa hivyo inajiwasha kabla ya plagi, na injini inagonga. Rudolf Diesel alibana hewa peke yake, mafuta akayaingiza mwishoni.