Tundu Kwanza, Skrubu Baadaye

Kazi ya kutengeneza kishikizo cha mkanda wa gitaa la umeme haimletei fundi sifa. Aliyebadilisha nyuzi kazi yake husikika papo hapo, na aliyepaka rangi kazi yake huonekana toka mlangoni. Aliyeshughulikia kile kidude cha chuma kinachonasa mkanda, akifanya vizuri, hakuna atakayejua kwamba aliligusa gitaa. Hata hivyo nashikilia kwamba fundi wa magitaa hupimwa vizuri zaidi hapo kuliko kwenye rangi, kwa sababu kishikizo kilicholegea humtaka ajue ubovu uko wapi hasa, na mara nyingi hauko pale unapoonekana.

Kinachoonekana ni skrubu inayocheza. Mtu huchukua bisibisi, akaikaza, nayo ikazunguka tu bila kushika. Skrubu yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni mbao iliyomo ndani ya tundu. Gitaa kama Les Paul huwa na uzito wa kilo 4 hivi, na mpigaji akisimama uzito huo wote huning'inia kwenye vishikizo viwili. Tena mkanda hauing'oi skrubu kwa kuivuta nje moja kwa moja. Huivuta kwa upande, huku na huku, kila mpigaji anapogeuka au kuinama, mpaka mdomo wa tundu ukapanuka. Kishikizo cha kitakoni kina taabu yake ya ziada. Katika gitaa lisilo na uvungu, nyuzi za mbao kwa kawaida hulala kutoka upande wa shingo kwenda kitakoni, kwa hiyo skrubu ya hapo huingia sambamba nazo. Seremala yeyote anajua kwamba skrubu iliyopigwa kwenye kichwa cha ubao hushika kidogo kuliko iliyopigwa ubavuni: meno yake huzikatakata nyuzi vipande vifupi, navyo hung'oka upesi.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi huanza na tundu. Hulichimba upya kwa keekee mpaka akute mbao safi, akachonga kijiti cha mbao ngumu kinachoingia kwa kubana kidogo, akakipaka gundi ya mbao na kukiacha hadi kesho yake. Aliye makini zaidi hukata kijiti hicho ili nyuzi zake zikingame na skrubu, na hapo hata kasoro ya kitakoni inakuwa imerekebishwa. Kisha hutoboa tundu jipya, jembamba, lenye upana wa kiini cha skrubu bila kuhesabu meno yake. Huisugua skrubu kwenye sabuni kavu au nta, akaikaza kwa mkono, polepole, na mizunguko ya mwisho huifanya kwa vidole vyepesi, akisikiliza mkononi mbao inavyoanza kukataa. Hapo huacha. Robo mzunguko zaidi inaweza kuharibu kazi ya siku mbili.

Wapo watakaosema njiti mbili za kiberiti zinatosha. Kwa tundu lililolegea kidogo zinatosha kweli, mradi ziwe na gundi, wala hakuna busara kuchimba mbao ambayo bado ni nzima. Bila gundi, mti wake laini husagika na gitaa lilelile hurudi kwa fundi. Wengine hutaka skrubu nene zaidi. Hiyo siiungi mkono: kichwa chake huenda kisikae ndani ya kishikizo, inaweza kupasua pembe ya gitaa, na ikilegea nayo itaacha mbao chache kuliko mwanzo. Skrubu ndefu ina hoja nzuri kidogo, ikiwa mbao ya ndani ni nzima, lakini mdomo uliopanuka unabaki vilevile.

Pingamizi zito ni kwamba hiki ni kidude cha bei ndogo, kisichostahili muda wote huo. Tazama basi kinachofuata kikichomoka. Shingo ya Les Paul ni ya mahogani, na kichwa chake kimelazwa nyuma, kwa kawaida digrii 17. Kwenye kona hiyo mbao imekatwa ikabaki na nyuzi fupi, na gitaa likianguka ndipo linapovunjika. Na gitaa si la mtu mmoja kila mahali. Bendi nyingi za dansi za Tanzania, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, zilipiga kwa vyombo vya taasisi. Mpigaji alihama bendi, gitaa likabaki kumngoja mwingine. Huyo mwingine naye alihitaji mkanda usiomwangusha.

Kwa hiyo ukipeleka gitaa lako, mwombe fundi aitoe skrubu na kukuonyesha tundu kabla ya kuafikiana bei. Akikwambia gundi inahitaji usiku mzima, mpe usiku huo, usilidai jioni ileile.