Kuimba Polepole si Kuburuta

Wahenga walisema, pole pole ndio mwendo. Lakini kwaya zetu nyingi zimelishika neno hilo pasipo kukumbuka ya kuwa mwendo ni mwendo, si kusimama. Kwaya huimba vema wimbo wa haraka. Ipewapo wimbo wa taratibu, mathalani wa maziko, sauti ya nne husalia nyuma, ya kwanza huingoja, na kwa ubeti wa tatu kila mtu ana njia yake. Kisha watu husifu: "Wameimba kwa heshima." La, hiyo si heshima, ni kutawanyika.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1721 Thomas Walter, mchungaji wa Massachusetts huko Marekani, alitoa kitabu cha kufundisha kuimba kwa noti. Alilalamika ya kuwa zaburi ziliburutwa hata ikambidi kuvuta pumzi mara mbili katika noti moja, na kusanyiko lilisikika kama tuni 500 zikipigiwa kelele pamoja. Watu wale hawakukosa ibada. Walikosa kipimo kimoja.

Sababu yaonekana kwa hesabu. Mapigo yakiwa 120 kwa dakika, baina ya pigo na pigo ni nusu sekunde. Yakiwa 40, ni sekunde moja na nusu, na kila mwimbaji huijaza nafasi hiyo kwa kukisia kwake.

Basi dawa si kuharakisha, bali kuligawanya pigo moyoni: moja-na, mbili-na. Katika ngoma, kubwa ikilia kwa nadra, ndogo hazikomi kuchapa katikati. Kwaya isiyo na ngoma haina budi kuichukua ile ndogo rohoni. Tena wote wavute pumzi pamoja, wakiikata noti iliyotangulia badala ya kuchelewesha ifuatayo. Na mkono wa kiongozi usigande hewani. Usafiri, ili pigo lionekane likija.

Mwalimu na ajaribu hivi: ubeti mmoja waimbe wakipiga nusu-pigo kwa vidole mezani, ubeti wa pili bila vidole. Wakiachana, ajue ya kuwa walifuata mlio, hawakuhesabu, na warudie.

Mfiwa aliyeketi mbele yetu ana mzigo wake tayari. Wimbo na umchukue, usimwongezee wa kuburuta.