Abunuwasi na Masala Kulangwa

Hekaya ya sufuria iliyozaa Waarabu humsimulia Juha. Sisi tumempa Abunuwasi, aliyekuwa kwa kweli mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Mwenye sufuria alikubali kuwa imezaa, basi alipoambiwa imekufa hakuwa na la kusema. Hapo hekaya yakoma, na aliyeshindwa hatumsikii tena. Ni ufundi mzuri, maana mzaha hautaki maneno mengi.

Lakini atakayempima kwa kipimo hicho Masala Kulangwa, anayesimuliwa na Wasukuma wa Shinyanga, atakosea. Kijana huyu alimwua Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote ila mamaye, aliyejificha katika pumba akiwa mja mzito. Alipolipasua tumbo wote walitoka hai. Mjanja wa Baghdad angeishia hapo. Kumbe kisu kilimkata bibi kizee sikio, naye, badala ya kushukuru, akataka kisasi! Ikambidi shujaa atafute dawa, amponye, amwombe radhi. Ndipo akafanywa mtemi. Msimulizi akiliruka sikio hilo, wasikilizaji hawatajua kwa nini kijana alistahili utemi.