Kikapu na Stakabadhi: Uhakiki wa Nyaraka za Constantin von Tischendorf

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, inahifadhi nyaraka za Constantin von Tischendorf (1815–1874), mtaalamu wa miswada ya Biblia anayefahamika zaidi kwa Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kiyunani ya karne ya 4. Uhakiki huu unajadili swali moja: je, maandishi ya mkusanyaji pekee yanatosha kueleza namna mswada ulivyotoka mikononi mwa wenyewe?

Katika kitabu alichochapisha mwaka 1865, Tischendorf anasimulia kuwa mwaka 1844, katika Monasteri ya Mtakatifu Katerina, alikuta karatasi za ngozi kikapuni zikisubiri kuchomwa moto. Alipata 43, akaenda nazo Leipzig. Simulizi hii imerudiwa mno hadi ikachukuliwa kuwa historia. Hata hivyo, ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, ilichapishwa miaka 21 baada ya tukio, wakati ambapo msimulizi alikuwa na sababu ya kujionesha kuwa mwokozi. Pili, ndani yake watawa wanasemewa tu. Aidha, mwaka 1975 karatasi nyingine za kodeksi hiyo ziligunduliwa monasterini humo. Ugunduzi huo haukanushi habari ya kikapu, lakini unadhoofisha dhana kwamba watawa hawakujua kutunza.

Stakabadhi ya mwaka 1859 ni ushahidi wa aina nyingine. Humo Tischendorf anakiri kwa saini yake kuazimwa karatasi 346 na kipande kidogo, na anaahidi kurejesha. Uzito wake unatokana na kuandikwa wakati wa makabidhiano, kwa ajili ya mwenye mali. Nayo pia haitoshi peke yake, kwani mwaka 1869 askofu mkuu wa Sinai alitia saini hati ya kumpa Tsar wa Urusi mswada huo. Kuipuuza hati hiyo ni kuacha upendeleo mmoja na kushika mwingine.

Suala hili linatuhusu sisi watafiti wa fasihi ya Kiswahili. Tungo za Muyaka zilifika London kupitia mkusanyiko wa W. E. Taylor, aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Kwa hiyo, anayesoma jalada la mkusanyaji hana budi kuuliza pia waliomkabidhi walisema nini, na maneno yao yamehifadhiwa wapi.